Kinyala Lauwo wa Ashira na Kazi ya Kuongoza Watu Kibo

Historia ya michezo ya Tanzania, kama inavyosimuliwa vitabuni na magazetini, huanzia kwenye viwanja vya mpira vya Dar es Salaam na Zanzibar, hupita kwa John Stephen Akhwari aliyemaliza marathoni ya Mexico mwaka 1968 mguu ukiwa umefungwa bandeji, ikamfikia Filbert Bayi aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch tarehe 2 Februari 1974, na ni mara chache sana hupanda mlima. Hata hivyo, upandaji milima, yaani kukwea kilele kwa ajili ya kukifikia tu bila kutafuta asali, pembe wala malisho, ulikwisha kupata watu wake Marangu, kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro, zaidi ya miaka 70 kabla ya Uhuru, na mtu ambaye mwanzo huo umeandikwa kwa jina lake ni Kinyala Lauwo wa Ashira, hukohuko Marangu, aliyejulikana baadaye kwa jina la Kikristo la Yohani, na aliyefariki dunia tarehe 10 Mei 1996 akiwa mzee ambaye hata wazee wa Marangu walimwita babu.

Kazi yake haieleweki mpaka ieleweke kwanza namna mlima ulivyojulikana na watu waliouishi. Mchaga wa karne ya 19 alikaa katika kihamba, yaani shamba la ukoo lenye migomba, nyumba na mifugo ya kulishwa zizini, likipata maji ya mfongo, ambao ni mfereji uliochimbwa kutoka kwenye mto wa juu msituni na kupitishwa ubavuni mwa vilima hadi mashambani. Juu ya vihamba kulikuwa na msitu, na msitu ulikuwa na wenyewe: wawindaji wa tembo na mbega, warina asali, wachimba dawa na watu waliokwenda kusafisha vyanzo vya mifongo, ambao waliyajua mapito na mahali pa kujificha mvua inapokaza. Msitu ukiisha, miti hufuatwa na vichaka vya nchi ya baridi, vichaka hufuatwa na majani makavu na mimea mikubwa ya ajabu isiyoonekana bondeni, kisha mawe na majivu ya volkano, na huko juu mtu wa kihamba hakuwa na shughuli yoyote iliyomlazimu kulala. Lauwo, kwa masimulizi ya Marangu, alitoka katika watu wa msitu, na jambo hili ni la maana kuliko linavyochukuliwa kwa kawaida, kwa kuwa sehemu ndefu ya safari ya wakati ule ya kwenda Kibo, kilele kirefu kuliko vyote cha Kilimanjaro, na sehemu iliyowapotezea wageni siku nyingi, ilikuwa ni kuuvuka msitu na kutokea mahali sahihi upande wa pili.

Baridi ya kileleni ilikuwa ikijulikana, na ilijulikana kwa gharama. Mmisionari Johannes Rebmann, aliyeiona theluji ya Kibo tarehe 11 Mei 1848 alipokuwa akisafiri pamoja na kiongozi wa msafara aliyeitwa Bwana Kheri, aliandika kwamba ule weupe alioelezwa na mwongozaji wake ulipewa jina moja tu, baridi. Naye aliandika pia habari ya Machame, kwamba Mangi Rengua, yaani mtawala wa nchi hiyo, aliwahi kutuma kikosi cha watu kwenda kuangalia kile kitu cheupe ni nini, wakitumaini kuwa huenda ni fedha, na kwamba aliyerudi alikuwa mmoja, Sabaya, mikono na miguu yake ikiwa imeharibiwa na jalidi. Kwa hiyo, wasomi wa Ulaya walipokuwa wakibishana London kama theluji inaweza kukaa karibu na Ikweta, Machame kulikuwa na mtu ambaye mwili wake mwenyewe ulikuwa umekwisha kulijibu swali hilo.

Wazungu waliofuata walikwea kidogo kidogo, kila mmoja akiwa na mtu wa kumwonyesha njia. Baron Carl Claus von der Decken alifika mwaka 1861 na kurudi mwaka 1862, akapanda hadi karibu mita 4,200. Charles New aliufikia ukingo wa theluji mwaka 1871, akitokea Moshi kwa Mangi Rindi, ambaye watu wa pwani walimwita Mandara. Mkabaila Teleki wa Hungaria akafika mita 5,300 hivi mwaka 1887. Mwaka huohuo Hans Meyer, mtu wa Leipzig aliyetoka katika ukoo wa wachapishaji vitabu, alipanda mara ya kwanza akazuiwa na ukuta wa barafu, na alipojaribu tena mwaka 1888 pamoja na Oscar Baumann hakufika hata mlimani, kwa sababu vita vya Abushiri bin Salim dhidi ya Wajerumani vilikuwa vimewaka pwani, wote wawili wakakamatwa na kuachiwa kwa fidia. Safari ya tatu, ya mwaka 1889, ndiyo iliyomleta Marangu akiwa na Ludwig Purtscheller, mwalimu wa mazoezi ya viungo kutoka Salzburg aliyekuwa mpanda milima hodari kuliko yeye, na ndiyo inayounganishwa na jina la Lauwo.

Marangu ya wakati ule ilitawaliwa na Mangi Marealle, mtawala mwenye akili nyingi za kisiasa aliyewapokea Wajerumani mapema na kuutumia urafiki wao katika mashindano yake na Sina wa Kibosho na watawala wa Moshi. Kumsaidia mgeni mwenye bendera na bidhaa kulikuwa sehemu ya siasa hiyo, na mangi alikuwa na uwezo wa kumwita kijana yeyote wa nchi yake kwa kazi ya jumla. Masimulizi ya Marangu yanasema Kinyala alikuwa kijana wa miaka kama 18 aliyekwepa kazi ya kulazimishwa ya kutengeneza barabara, akakamatwa na kufikishwa mbele ya mangi, na badala ya kuadhibiwa kwa namna ya kawaida akapewa wageni wale awapeleke mlimani, kwa kuwa watu wa nyumbani kwao walijulikana kuufahamu msitu. Kama ndivyo ilivyokuwa, basi kazi iliyokuja kuheshimiwa Kilimanjaro nzima ilianza ikiwa adhabu, na hilo halishangazi mtu anayejua jinsi kazi nyingi za miaka ile zilivyowafikia vijana wa Uchagani.

Kilichotokea juu kinasimuliwa kwa namna mbili, na ni vema kila moja ipewe nafasi yake. Katika kitabu cha Meyer, kambi kuu iliwekwa kwenye uwanda wa juu ulio kati ya Kibo na kilele cha pili, Mawenzi, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 4,300, na aliyekaa nao hapo siku zote za baridi alikuwa mtu wa Pangani aitwaye Mwini Amani, wakati wapagazi wengine walipanda na kushuka kuwaletea chakula kutoka kambi ya chini. Tarehe 3 Oktoba Meyer na Purtscheller waliingia kwenye barafu ya upande wa kusini mashariki, Purtscheller akitangulia na kuchonga ngazi kwa shoka la barafu, wakafika ukingoni mwa kreta, yaani shimo la volkano lililo juu ya Kibo, lakini muda ukawa umekwisha wakarudi. Wakapumzika, wakapanda tena, na tarehe 6 Oktoba 1889 wakasimama mahali pa juu kuliko pote, wawili peke yao kwa mujibu wa kitabu hicho. Lauwo hatajwi. Katika simulizi la Marangu, kwa upande mwingine, Kinyala alikwenda nao mpaka mwisho, na ndiye mwana wa nchi hii wa kwanza kukanyaga kilele.

Tatizo kubwa la simulizi hilo liko kwenye hesabu ya miaka. Ikiwa mtu alikuwa na miaka 18 mwaka 1889, alizaliwa karibu mwaka 1871, na alipofariki mwaka 1996 alikuwa na miaka kama 125, ilhali binadamu aliyeishi muda mrefu kuliko wote kwa uthibitisho wa hati, Jeanne Calment wa Ufaransa, alikufa mwaka 1997 akiwa na miaka 122. Hati za kuzaliwa hazikuwapo Marangu ya 1871, na umri uliwekwa kwa rika la tohara, njaa na vita. Msomaji wa historia anaweza kuona njia ya kati: Meyer alirudi Kilimanjaro mwaka 1898 akiwa na mchoraji Ernst Platz, na haiwi shida kuamini kwamba kijana wa safari hiyo ya 1898, au hata mtoto aliyeiona ile ya 1889, alifikia uzee wa miaka mia na kitu akiwa amezibeba kumbukumbu za misafara yote kana kwamba ni mmoja. Makala haya hayana haja ya kumnyang'anya mzee heshima yake. Linalodaiwa kwa haki ni kwamba ukimya wa kitabu cha Meyer usichukuliwe kuwa ushahidi wa kutosha, kwani waandishi wa misafara ya siku zile walikuwa na desturi ya kumtaja mpishi alipoiba na mpagazi alipotoroka, huku aliyewapitisha msituni salama akiishia kuitwa mwenyeji.

Kazi yenyewe ya mwongoza mlima inahitaji maelezo, maana wengi huidhania kuwa ni kujua njia basi. Kwenye mwinuko wa Kibo kanieneo ya hewa ni karibu nusu ya ile ya pwani, hivyo kila pumzi huleta takriban nusu tu ya oksijeni, na mwili usiopewa siku za kuzoea hupatwa na ugonjwa wa mwinuko, ambao huanza kwa kichwa kuuma na kichefuchefu, na ukipuuzwa hujaza maji mapafuni au kuuvimbisha ubongo hadi kuua. Dawa yake ya hakika ni kushuka. Mwongozaji basi humtazama mgeni kuliko anavyoitazama njia: huangalia kama ameacha kula, kama anajibu maswali kwa kuchelewa, kama miguu inapishana, na huamua, mara nyingi kinyume cha matakwa ya mtu aliyelipa fedha na kutoka mbali, kwamba safari imefikia hapo. Lile neno "polepole", ambalo leo kila mgeni hulijua kabla hajajua kusalimia, ni kanuni ya tiba kabla ya kuwa adabu ya safari, na watu wa Marangu waliipata kwa kuona nani alifika na nani alirudishwa amebebwa.

Kuna pia ujuzi wa saa na ardhi. Mteremko wa mwisho wa Kibo kwa upande wa Marangu ni changarawe na majivu yanayoporomoka chini ya mguu, kiasi kwamba hatua mbili za kupanda hurudisha moja. Usiku wa manane changarawe hiyo huwa imeganda na hushika, na ndiyo maana wapandaji huondoka kambini katikati ya usiku, wakafika ukingoni alfajiri na kushuka kabla jua halijailegeza na mawingu hayajapanda kutoka msituni. Mwongozaji wa zamani aliyafanya haya bila saa ya mkononi, bila koti la manyoya na bila viatu vya mlimani. Inasimuliwa kwamba Lauwo mwenyewe alipanda miaka ya mwanzo akiwa amejifunga mablanketi. Mtu akitafakari kwamba Purtscheller alikuja na vifaa vyote ambavyo Milima ya Alpi ilikuwa imekwisha kuvibuni, ndipo anapoelewa uzito wa kutembea katika majivu yaleyale kwa blanketi na nyayo.

Mwendo wa kazi hiyo haukuwa wa mfululizo kama unavyofikiriwa. Baada ya Meyer kupita, nchi iliingia katika vita: Sina wa Kibosho alipigwa na Wajerumani mwaka 1891, Meli wa Moshi akawashinda mwaka 1892 kisha akashindwa mwaka uliofuata, na tarehe 2 Machi 1900 Meli na wenzake walinyongwa Old Moshi. Katika miaka hiyo watu wa mlimani walikuwa na mambo mazito kuliko kilele, na hakuna msafara mwingine ulioandikwa kufika mahali pa juu kabisa pa Kibo hadi mwaka 1909. Mambo yalibadilika reli ya kutoka Tanga ilipofika Moshi mwaka 1911, kwa kuwa mgeni aliyekuwa akitembea kwa wiki kadhaa kutoka pwani sasa alishuka stesheni akiwa na nguvu zake zote. Na mwaka 1912 kibanda cha kulala, kikiitwa Bismarck, kilikuwa kimekwisha kusimama juu ya Marangu. Ndipo uongozaji ulipoanza kuwa kazi ya kudumu yenye msimu, mshahara na vijana wanaojifunza kwa kubeba mizigo kwanza.

Wakati wa Waingereza kazi ilikomaa. Clement Gillman, mhandisi wa reli, alifika ukingo wa kreta mwaka 1921; Mchungaji Richard Reusch wa Kilutheri, aliyefanya kazi Marangu, alianza kupanda miaka ya 1920 na kukwea mara nyingi, na mwaka 1926 aliukuta juu ya mlima ule mzoga wa chui uliokauka kwa baridi ambao habari zake zilizunguka dunia; mwaka 1927 Sheila MacDonald akawa mwanamke wa kwanza kuandikwa kuwa amefika kileleni. Hoteli zilisimama Marangu, na mgeni aliyefika hotelini alikabidhiwa kwa mwongozaji, mwongozaji akachagua wapagazi na mpishi kutoka katika majirani na ukoo wake, wakapanda siku tatu, wakashuka siku mbili. Lauwo, kwa simulizi la nyumbani, aliongoza kwa miaka ipatayo 70, na hata anayeipunguza hesabu hiyo kwa theluthi nzima bado anabakiwa na muda wa kazi ambao mchezaji wa mpira wala mkimbiaji hawezi kuuota.

Ramani ya Kibo inasomeka kama daftari la wageni. Anayepanda kwa njia ya Marangu hupita Pango la Hans Meyer, hufika Gillman, huzunguka hadi Stella, mahali palipopewa jina la mke wa mpandaji mmoja wa mwaka 1925, na ndani ya kreta kuna shimo lenye jina la Reusch; majina ya waongozaji wa Marangu hayamo miongoni mwa hayo. Baada ya Uhuru yalifanyika marekebisho yaliyostahili: kilele ambacho Meyer alikiita kwa jina la Kaisari Wilhelm kilipewa jina la Uhuru, baada ya Luteni Alexander Nyirenda kupandisha bendera na mwenge usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, na vibanda vya Bismarck na Peters vikaitwa Mandara na Horombo, majina ya watawala wa Kichaga. Ni jambo jema, lakini watawala hao hawakumpeleka mtu Kibo. Pangepatikana hata jiwe moja la kupumzikia, pale wapagazi wanapotua mizigo kabla ya mteremko wa mwisho, likaitwa Lauwo au Mwini Amani, ramani ingekuwa ya kweli zaidi.

Heshima aliyopewa akiwa hai ilikuja mwaka 1989, katika maadhimisho ya miaka 100 ya tarehe ile ya Oktoba, pale alipotambulishwa hadharani kuwa mshiriki pekee wa msafara wa 1889 aliyekuwa bado hai, na akajengewa nyumba ya kisasa Ashira. Alikaa humo miaka iliyobaki, akitembelewa na wageni na waandishi waliotaka kusikia habari ya Meyer, na kwa bahati mbaya maswali yao mengi yalihusu siku moja tu ya ujana wake, ilhali mbele yao alikuwa ameketi mtu aliyekuwa ameuona mlima kwa sehemu kubwa ya karne. Angeulizwa barafu ilianzia wapi alipokuwa kijana, sayansi ingefaidika, maana kati ya mwaka 1912 na 2007 Kibo ilipoteza takriban asilimia 85 ya barafu yake, na watu walioiona katika ukubwa wake wamekwisha kuzikwa vihambani.

Hifadhi ya Taifa ya Mlima Kilimanjaro ilianzishwa mwaka 1973 na kuingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1987, na leo sheria haimruhusu mgeni kupanda bila mwongozaji mwenye leseni, wakati mzigo wa mpagazi umewekewa kikomo cha kilo 20 na hupimwa kwa mizani getini. Mizani hiyo ilidaiwa kwa miaka mingi, na bado wapo wanaoikwepa. Anayejali mlima huu hana budi kuitetea, kwa sababu mpagazi wa leo ndiye mwongozaji wa kesho, kama ilivyokuwa tangu awali. Kwenye geti la Marangu kuna bamba la kumbukumbu la Hans Meyer, na mbele yake, kila asubuhi ya msimu, vijana wa Ashira, Mamba, Kilema na Rombo hujipanga wakisubiri majina yao yaitwe, kisha hutwika mizigo kichwani na mgongoni, wakaingia msituni mbele ya wageni wao, ili watakapofika Mandara jioni maji yawe yamekwisha kuchemka.